Mwanao Amepata Kompyuta Mpya: Video za Harusi Zitahamaje?

Huenda katika kijiji chako yuko kijana anayepiga picha za video. Kila penye harusi, jubilei, mahafali ya shule au Komunyo ya kwanza utamwona na kamera yake begani, waya zimemzunguka miguuni, na watoto wanamfuata nyuma. Labda kijana huyo ni mwanao mwenyewe. Siku moja atakuja nyumbani na furaha kubwa: amepata kompyuta mpya, yenye nguvu kuliko ile ya zamani. Nanyi mtafurahi pamoja naye, na ni haki yenu. Lakini kabla ile ya zamani haijauzwa, wala haijapewa mdogo wake, wala haijafutwa vitu vilivyomo, tafadhali mpeni asome maneno haya. Kazi hiyo naifanya mimi pia, na nitawaambia yaliyonipata.

Mwaka 2018 familia moja iliniita nipige picha za jubilei ya wazazi wao, waliotimiza miaka 50 ya ndoa. Baada ya chakula mzee alisimama akasema na watoto na wajukuu wake, nusu saa nzima na zaidi. Alianza na jinsi alivyokwenda kuposa, akaeleza mashamba na mipaka yake, akawataja marehemu kwa majina, akamwonya mmoja, akamsifu mwingine. Watu walicheka, na wengine walilia. Mimi nilipoketi kutengeneza filamu yao nikaona maneno ni mengi mno. Nikachagua dakika nne nzuri, nikazitia kati ya keki na ngoma. Familia ikapendezwa, ikanilipa.

Mwaka uliofuata nikanunua kompyuta mpya. Nikachukua flashi, nikanakili faili lililoandikwa jina la jubilei ile. Lilikuwa na megabaiti tatu tu, likaingia kufumba na kufumbua. Nikajisifu moyoni kwamba kazi imekwisha. Ile kompyuta ya zamani nikaifuta yote, nikamwuzia mtu wa mjini.

Mwaka 2021 mzee akafariki. Watoto wake watatu wakaja kwangu baada ya matanga. "Fundi," akasema binti mkubwa, "tumekuja kuomba yale maneno ya baba, yote, si zile dakika nne." Nikawaambia, kaeni, hayo ni mambo madogo. Nikafungua faili lile. Kioo kizima kikawa chekundu! Vipande vyote vya filamu vilikuwapo, kila kimoja mahali pake na jina lake, lakini picha hata moja hapana. Wale watoto walikuwa wamesimama nyuma yangu wakitazama, nami sikujua pa kuutazamisha uso wangu.

Kumbe kosa langu lilikuwa nini? Ngoja nieleze kwa mfano mnaoujua. Kanisani pana ubao mdogo ambao mwalimu wa kwaya huandika namba za nyimbo: wa 45, wa 112, wa 7. Ukiuona ubao ule unajua nyimbo zitakazoimbwa na utaratibu wake. Lakini nyimbo zenyewe hazimo ubaoni, zimo katika vitabu. Sasa mtu auchukue ubao ule, aupeleke kigango kingine ambako hawana kitabu hata kimoja. Namba zote zipo, wimbo haupo. Ndivyo lilivyo faili la mradi wa video. Ndani yake mmeandikwa: chukua picha fulani iliyo katika folda fulani, anza sekunde ya 12, maliza sekunde ya 19, kisha fuatisha picha fulani, punguza sauti, weka majina ya bibi arusi. Ni orodha ya maagizo, wala si picha. Ndiyo maana kazi ya saa nyingi hukaa katika megabaiti tatu, na picha zake zikajaza diski nzima.

Wala jambo hilo si la kompyuta peke yake. Zamani, filamu za sinema zilipokatwa kwa mikono, mhariri hakuigusa filamu ya asili iliyotoka katika kamera. Ilichapwa nakala ya kazi, naye akaikata hiyo na kuiunga apendavyo. Pembeni mwa filamu palikuwa na namba ndogo ndogo zilizochapwa na kiwanda. Alipokwisha ridhika, mtu mwingine mwenye glavu mikononi alizisoma namba zile, akaikata filamu ya asili mahali pale pale. Basi kazi ya mhariri ilikuwa namba, na mali ilikuwa filamu iliyotunzwa penye ubaridi. Aliyepoteza filamu ya asili akabaki na namba, alibaki na karatasi tu.

Haya, kijana afanyeje? Kwanza kabisa kazi ianzie katika kompyuta ya zamani, ingali inawaka. Afungue kila mradi, mmoja mmoja, na kutazama kama picha zote zinaonekana. Mara nyingi ataona kwamba picha nyingine zimo katika folda ya harusi, nyingine amezisahau juu ya uso wa kompyuta, muziki aliuchukua katika folda ya kupakulia, na nembo ya familia iko katika flashi iliyopotea tangu Pasaka. Vitu hivyo vimetapakaa kama vyombo baada ya karamu. Avikusanye kwanza.

Programu nyingi zina njia ya kukusanya zenyewe. Katika Premiere Pro iko sehemu iitwayo Project Manager: unaiambia ikusanye mafaili yote yanayotumika na kuyanakili pamoja na mradi katika folda moja mpya. Wenye Kdenlive, ambayo haiuzwi kwa fedha, wana amri ya kuhifadhi mradi wote na picha zake mahali pamoja. Final Cut Pro ya kompyuta za Apple hutunza kazi katika maktaba yake. Mwenye nayo aiamuru ikusanye picha ndani ya maktaba hiyo, maana yawezekana nyingine zilibaki nje bila yeye kujua. DaVinci Resolve ndiyo inayowanasa wengi. Yenyewe haiweki mradi kama faili katika folda yako ya harusi. Inauweka katika hifadhi yake ya ndani. Mtu hunakili folda zake zote za kazi, akaondoka akiamini amebeba kila kitu, na miradi yote imebaki nyuma. Yambidi autoe mradi kwa amri. Akiutoa kwa njia ya kawaida atapata faili lenye herufi drp mwishoni, nalo ni ubao wa namba tu. Akichagua kuuhifadhi pamoja na picha zake atapata folda yenye herufi dra, na humo vitu vyote vimo.

Na vijana wanaotengeneza video katika simu kwa CapCut wasijione wamesalimika. Kazi ambazo hazijakwisha hukaa ndani ya simu yenyewe. Ukiiondoa programu hiyo ili upate nafasi, au ukaiuza simu, rasimu zinakwenda nayo.

Sasa tuje kwenye uzito wa mzigo, maana hapa wengi hujidanganya. Kamera iliyopangwa kuandika megabiti 50 kila sekunde hujaza gigabaiti 22 na nusu kwa saa moja. Harusi yenye kamera mbili, kila moja ikifanya kazi saa nne, ni gigabaiti 180. Flashi ya gigabaiti 64 itafanya nini hapo? Na kuzituma kwa intaneti ya simu, kwa bando la wiki, ni kutaka kuhamisha ghala ya mahindi kwa kikombe. Inatakiwa diski ya nje. Na waya wake uangaliwe. Kwa njia ya zamani ya USB, inayopitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde, mzigo huo utachukua saa moja na dakika 40. Kwa njia ya USB 3 na diski inayopitisha megabaiti 100, ni nusu saa. Mahali penye umeme wa kukatika katika, tofauti hiyo ni kubwa.

Tena diski hiyo imeandaliwa kwa namna gani? Flashi na diski nyingine huandaliwa kwa utaratibu wa zamani uitwao FAT32, ambao haukubali faili moja linalopita gigabaiti 4. Utaona nafasi ipo tele, lakini filamu ya saa moja inakataa kuingia, na kijana anafikiri diski imekufa. Ukitoka katika kompyuta ya Windows kwenda katika ya Apple, ujue kwamba diski ya utaratibu wa NTFS itasomwa na Apple lakini haitaandikwa. Utaratibu wa exFAT unasomwa na kuandikwa pande zote mbili. Lakini kuiandaa diski upya ni kufuta vyote vilivyomo. Nasema hivi kwa sababu nimekwisha kuona mtu akiandaa upya diski ile ile iliyokuwa imebeba picha alizotaka kuzihamisha.

Iko hatari nyingine ndogo, yenye hila. Kamera nyingi huzipa picha majina ya namba, na nyingine huanza kuhesabu upya kila kadi mpya inapoingia. Basi harusi ya Januari ina picha iitwayo C0001, na ubatizo wa Machi una C0001 yake. Kijana mwenye haraka anazimwaga zote katika folda moja. Kompyuta inamwuliza kama ile mpya ichukue mahali pa ile ya zamani, naye bila kusoma anakubali, na harusi imefutwa na ubatizo. Au hazikufutana, lakini siku ya kufungua mradi programu inapata jina linalofanana na kulikubali. Ndipo katikati ya maandamano ya bibi arusi anatokea mtoto anayelia kisimani mwa ubatizo. Kila kazi ikae katika folda yake, na folda zisipanguliwe wakati wa kuhama. Zibebwe zilivyo.

Tumefika katika kompyuta mpya. Hapa vijana hukimbilia kufungua kazi mara moja. Subira! Kwanza iingizwe programu ile ile ya kuhariri, na kama yawezekana toleo lile lile. Mradi uliotengenezwa katika toleo la zamani kwa kawaida hufunguka katika toleo jipya, nalo huugeuza uwe wa kwake. Lakini uliogeuzwa haurudi tena kufunguka katika la zamani. Kama bado una kazi ya kumalizia kwa kompyuta ya zamani, au unashirikiana na mwenzako mwenye toleo la nyuma, weka nakala ambayo haijaguswa. Kisha ziingizwe fonti, yaani mitindo ya herufi, ulizotumia kuandika majina. Fonti isipokuwapo, programu itachukua nyingine iliyo karibu, na jina la bibi arusi lililoandikwa kwa madaha litatokea kama tangazo la mnada. Vivyo hivyo programu ndogo za nyongeza ulizotumia kwa rangi na madoido. Adobe humruhusu mteja mmoja kuingia katika kompyuta mbili, kwa hiyo kabla hujaiacha ya zamani, toka humo kwa jina lako.

Baada ya hayo fungua mradi. Huenda kioo kikawa chekundu kama kilivyokuwa changu. Usitetemeke. Kama picha umezibeba, ni anwani tu iliyobadilika. Katika Windows kila diski hupewa herufi. Diski yako ya nje katika kompyuta ya zamani ilikuwa E, katika mpya imekuwa F. Mradi unagonga mlango wa E na hakuna mtu. Waweza kuibadilisha herufi irudi E, au kuionyesha programu mahali picha zilipo. Ukiionyesha moja, na folda zako hazikupanguliwa, kwa kawaida nyingine zitapatikana zenyewe, na wekundu utaondoka kipande baada ya kipande. Nawaambieni, ni jambo la kupendeza kulitazama.

Ikiwa unahama pia kutoka programu moja kwenda nyingine, usitarajie makubwa. Ziko njia za kupeleka orodha ya mikato, nayo hufika vizuri kwa kiasi. Lakini maandishi, rangi na madoido mengi hubaki njiani. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuhama popote, toa filamu nzima iliyokwisha, kwa ubora wa juu kabisa, na kuiweka kando. Mradi ukiharibika, filamu ipo.

Halafu, usiifute kompyuta ya zamani siku hiyo! Tazama filamu tangu mwanzo hadi mwisho katika kompyuta mpya, huku diski ya kubebea imechomolewa, ndipo utakapojua kama picha ziko ndani kweli au zilikuwa zinaazimwa nje. Ifanye kazi wiki kadhaa. Kila unachokikosa utakirudia kwa ile ya zamani.

Msidhani makosa haya ni ya watu wa vijijini wenye vifaa hafifu. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar huko California, Marekani, ilikuwa inatengeneza filamu ya watoto iitwayo Toy Story 2. Kampuni ile ilikuwa na mafundi hodari na kompyuta za fedha nyingi. Siku moja amri ya kufuta ikatolewa mahali pasipopasa, na mafundi wakaona kwa macho yao sehemu za filamu zikitoweka. Wakaikimbilia akiba. Lakini wapi! Nakala za akiba zilikuwa na kasoro, wala hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kilichowaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, msimamizi katika filamu hiyo. Alikuwa amejifungua, akawa anafanya kazi nyumbani kwake, na kwa ajili hiyo alikuwa na nakala katika kompyuta yake. Wakaifunga kompyuta ile kwa mablanketi, wakaipeleka kazini kwa gari polepole kama wamebeba mayai. Filamu ilitoka mwaka 1999. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya hadithi yake ilikuja kutungwa upya kwa sababu nyingine kabisa, lakini siku ile hakuna aliyejua hilo.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ameeneza kanuni ambayo mafundi wengi huifuata: nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe nje ya nyumba unayofanyia kazi. Kwa fundi wa kijijini hili si ghali kama linavyosikika. Nakala moja kompyutani, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika diski inayokaa kwa shangazi. Kompyuta na diski zikikaa katika mfuko mmoja, mwizi mmoja anazichukua zote, na mvua moja inazilowesha zote.

Nanyi wazazi mnaolipa fedha za harusi, lipo la kwenu hapa. Mnapopatana na fundi, pataneni pia juu ya picha asili. Waswahili wa kazi hii huwaleteeni filamu iliyokwisha, saa moja au mbili, na nyinyi mnadhani hayo ndiyo yote yaliyopigwa. Siyo. Hotuba zimekatwa, salamu za wazee zimekatwa, nyimbo zimeishia ubeti wa kwanza. Fundi hawezi kuzitunza picha zenu miaka yote. Diski zake zinajaa, na kazi mpya zinataka nafasi. Wapeni fedha za diski, au leteni ya kwenu, muombe picha zote kama zilivyotoka katika kamera. Waandikieni juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika: jina la shughuli, mwezi, mwaka. Mara moja kila mwaka mtu aichomeke, aone kama bado inasomeka. Wengine huona haya kumdai fundi hivyo. Msione haya. Mimi nilipodaiwa ilikuwa nimekwisha chelewa.

Nilimtafuta mtu wa mjini niliyemwuzia ile kompyuta. Nilimpata, lakini naye alikuwa amekwisha iuza, na ndani yake palikuwa pamejazwa mambo mengine mara nyingi. Nikarudi kwa watoto wa mzee mikono mitupu. Baada ya majuma mawili binti mkubwa akanipigia simu. Mjukuu mmoja, siku ile ya jubilei, alikuwa amerekodi kwa simu yake dakika 11, akiwa ameketi nyuma ya mama mwenye kilemba kikubwa. Uso wa mzee hauonekani ila mara mbili, mama yule alipoinama kumnyonyesha mtoto. Lakini sauti inasikika, na maneno juu ya mipaka ya shamba yamo. Nimezinakili dakika hizo katika diski mbili. Moja iko kwangu, ya pili anayo binti mkubwa, ameifunga kwa kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na hati za shamba.